Mbwa Hasomi Taarifa ya Theluji

Kupanda mlima wa theluji kwa nguvu za miguu, ski zikiwa zimefungwa kwenye buti, kisha kuteremka mahali ambapo hakuna mtambo uliopita kushindilia theluji, ni jambo la zamani kuliko lifti zote za milima ya Alps. Anayepanda hubandika chini ya kila ski utepe wenye manyoya mafupi yaliyolala kuelekea nyuma. Ski ikisukumwa mbele huteleza; ikitaka kurudi nyuma manyoya hushika. Zamani utepe huo ulikuwa ngozi ya sili, na leo hutengenezwa kwa nailoni au kwa sufu ya mbuzi wa Angora. Kisigino huachwa huru wakati wa kupanda na hufungwa wakati wa kushuka. Kupanda huchukua saa tatu, nne au zaidi, kushuka huisha haraka sana, na kati ya hayo mawili kuna ukimya ambao viwanja vya ski vyenye lifti na muziki havina. Majira ya baridi ya 2020–21, Ufaransa ilipofunga lifti zake kwa umma kwa sababu ya UVIKO-19, wengi waliozoea kubebwa hadi juu waliugundua mchezo huu, na hawakuuacha lifti zilipofunguliwa tena. Wengi wao wana mbwa, na mbwa anayeona mwenyewe anavaa buti hahitaji kuitwa mara mbili. Hoja yangu ni kwamba mbwa anapoingia katika safari ya namna hii, yeye ndiye anayepaswa kuwa kipimo cha mlima utakaochaguliwa. Mlima usiomfaa uendewe bila yeye, hata kama mwenye mbwa anaumudu vizuri.

Huenda jambo hili likaonekana liko mbali na msomaji wa Kiswahili. Kwetu barafu ya kudumu imebaki kwenye vilele vya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori tu, nayo inazidi kupungua. Tena katika nyumba nyingi mbwa ni mlinzi wa ua, na wapo, hasa pwani, waliofunzwa na dini yao kuweka umbali kati ya mate yake na nguo za sala. Hata hivyo Afrika Mashariki haiko nje ya mchezo wa theluji. Mkenya Philip Boit alishindana mbio za ski za kilomita 10 huko Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa kumalizia ili amkumbatie. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye miteremko ya Pyeongchang mwaka 2018. Na leo zipo familia zinazozungumza Kiswahili huko Oslo, Zürich na München ambazo watoto wao wana likizo ya katikati ya majira ya baridi, na wenzao wa kazini huwaalika mlimani mwishoni mwa wiki. Mwaliko huo mara nyingi unamhusu mbwa pia. Anayealikwa ana haki ya kuelewa anaingia katika nini, kwa sababu mlimani uamuzi wa mmoja huwagusa wote walio nyuma yake.

Tuanze na theluji yenyewe. Poromoko linaloua wana-ski mara nyingi ni la bamba: tabaka la theluji lililoshikana limekaa juu ya tabaka dhaifu lililozikwa chini yake, kama mkeka uliotandazwa juu ya mchele uliomwagika sakafuni. Uzito wa mtu mmoja ukilivunja tabaka dhaifu, ufa husambaa kwa kasi pembeni na juu, na bamba zima huondoka pamoja na aliye juu yake. Mabamba mengi huachia kwenye miteremko yenye mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 45, na hiyo ndiyo miteremko inayopendeza zaidi kwa ski. Takwimu za Ulaya na Amerika Kaskazini zinakubaliana kwamba katika takriban ajali 9 kati ya 10 zenye vifo, aliyeliangusha bamba ni mwathirika mwenyewe au mtu wa kundi lake. Jambo hili ni zito kuliko linavyosikika mara ya kwanza, maana yake ni kwamba poromoko kwa kawaida halimwangukii mtu kutoka mbinguni. Ni yeye aliyekwenda lilipo na kuliamsha. Ndiyo maana Taasisi ya Utafiti wa Theluji na Maporomoko ya SLF, huko Davos, hutoa wakati wa majira ya baridi taarifa ya hatari mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, kwa ngazi 5 ambazo nchi za Ulaya zimezitumia kwa pamoja tangu 1993. Taarifa inasema mteremko unaotazama upande gani, wa mwinuko gani, una tatizo gani. Mtu huisoma, huangalia ramani, huamua. Akikosea, amekosea katika jambo alilolichagua.

Mbwa hakuchagua. Hapa ndipo msingi wa hoja ulipo, na ningependa usichukuliwe kuwa ni huruma tu. Tunakubali mtu mzima ajitie katika hatari kwa sababu ya furaha yake, mradi anaijua na anawajali wenzake. Bila ruhusa hiyo tungefunga milima yote. Uhalali huo unatokana na kuijua hatari na kuikubali. Mbwa hajui kwamba juzi upepo wa kaskazini-magharibi ulirundika theluji upande wa pili wa ukingo. Anachojua ni kwamba mtu wake anaelekea huko, na kumfuata ndiyo kazi yake yote. Utiifu huo unaotufanya tumpende ndio unaomnyima nafasi ya kukataa. Anayemwongoza kiumbe asiyeweza kukataa hawezi kujitetea kwa kusema walikwenda pamoja kwa hiari. Anabeba uamuzi mara mbili: ule wake, na ule wa anayemfuata.

Kuna upande wa vitendo pia. Kanuni inayofundishwa katika kila kozi ya usalama wa theluji ni kwamba mteremko wa mashaka huvukwa na mtu mmoja mmoja, wengine wakisubiri mahali salama na kumtazama. Faida zake ni mbili: uzito unakuwa mdogo, na poromoko likitokea anazikwa mmoja tu huku wenzake wakiwa wazima, wenye redio za kutafutia waliozikwa, ufito wa kuchokolea theluji na koleo. Mbwa huivunja kanuni hii bila kujua. Hawezi kuambiwa asubiri dakika nne kwenye jabali wakati mwenyewe anapotea machoni. Atamkimbilia, akipita juu ya mteremko uleule, au atabaki akibweka na kuzungukazunguka katikati ya kundi. Wapo wanaosema mbwa wa kilo 25 ni mwepesi mno kuangusha bamba. Kweli uzito wake ni mdogo kuliko wa mtu, na kwa bamba nene tofauti hiyo inaweza kutosha. Lakini hatari kubwa zaidi iko katika lile ambalo mbwa humfanya binadamu alifanye. Mtu aliyeapa kutokanyaga mteremko fulani ataukanyaga mbwa wake akiteleza huko na kulia. Utaratibu wote wa asubuhi, ramani, taarifa, makubaliano ya kundi, huvunjwa na sauti moja, na hakuna atakayemlaumu aliyeuvunja, maana kila mwenye mbwa angefanya vilevile.

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba watu wamekwenda na mbwa miaka mingi na hakuna lililotokea. Jibu hili ni la kawaida katika kila kazi ya hatari, na mlimani ni la kupotosha kuliko kwingine. Mteremko uliokuwa karibu kuachia na mteremko uliotulia kabisa humpa mteremkaji furaha ileile akiteremka salama. Theluji haimwambii alikuwa karibu kiasi gani. Mtafiti wa Marekani Ian McCammon alichambua ajali 715 za burudani zilizotokea nchini humo kati ya 1972 na 2003. Alionyesha jinsi watu wenye mafunzo walivyoingia mitegoni kwa njia za mkato za akili: mahali wanapopazoea, dhamira ya kufika kileleni, imani kwa anayeonekana mjuzi, alama za ski za waliotangulia. Mbwa sikumwona katika orodha hiyo, lakini mwenye kujua tabia za watu atatambua kwamba mbwa hulisha mtego wa kwanza vizuri sana. Yeye ni sehemu ya nyumbani iliyokuja mlimani. Akiwa anakimbia mbele kwa furaha, mkia juu, mahali pa hatari huonekana kama uwanja ambao familia imeutembelea kila Jumapili. Wengine hata huamini kwamba mbwa angehisi poromoko kabla halijaja. Hakuna ushahidi wa kutegemea kwamba anaweza kulihisi tabaka dhaifu lililo chini ya nusu mita ya theluji, na kuuacha uhai mikononi mwa imani hiyo ni kosa kubwa.

Kinga inayotajwa kwa nguvu kuliko zote ni ya uokoaji: mbwa atanifukua. Picha hii ina mizizi mirefu. Katika hospitio, yaani nyumba ya wageni ya watawa, ya Great St Bernard, kwenye njia ya mlima iliyo mita 2,469 juu ya usawa wa bahari kati ya Uswisi na Italia, watawa walifuga mbwa kwa karne nyingi, na mmoja wao, Barry, aliyeishi kati ya 1800 na 1814, anasifiwa kwa kusaidia kuokoa watu zaidi ya 40. Hadithi kwamba aliuawa na mtu wa 41 aliyemdhania mbwa mwitu si kweli. Alizeeka, akapelekwa Bern, na mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya huko. Kipipa cha pombe shingoni nacho ni cha wachoraji zaidi kuliko cha watawa. Jambo ambalo hadithi haisemi kwa sauti ni kwamba mbwa wale walitembea na watu wa kazi hiyo, kwenye njia moja waliyoijua kwa kila msimu. Uokoaji wa kisasa nao ulianza Uswisi. Husimuliwa kwamba majira ya baridi ya 1937–38 poromoko lilifukia vijana eneo la Schilthorn, na mbwa mdogo asiye na mafunzo yoyote akang'ang'ania mahali pamoja hadi watu wakachimba na kumkuta kijana hai. Baada ya hapo Ferdinand Schmutz wa Bern alianza kuwafunza mbwa wa kichungaji wa Kijerumani kwa ajili ya jeshi. Kwa hiyo ni haki kukiri: mbwa wa nyumbani anaweza kumpata bwana wake, na imewahi kutokea.

Lakini tuhesabu muda. Utafiti wa miaka ya karibuni nchini Uswisi umeonyesha kwamba takriban watu 9 kati ya 10 waliozikwa kabisa huishi wakitolewa ndani ya dakika 10, na wanaoishi hushuka hadi karibu theluthi moja ikifika nusu saa, kwa sababu ya kukosa hewa. Mbwa aliyefunzwa, akiwa na mkufunzi wake, anaweza kupekua hekta moja kwa muda wa kama nusu saa, kazi ambayo watu 20 wenye fito wangeihitaji saa nne. Ni uwezo wa ajabu, na unastahili heshima yote inayopewa. Ila mbwa huyo huja kwa helikopta, na dakika 10 mara nyingi zimeshapita. Inayomwokoa aliyezikwa ni mikono ya wenzake waliosimama pale pale, wenye vifaa na mazoezi. Mbwa wa nyumbani kweli yuko pale pale, lakini yuko wapi hasa? Yuko nyuma ya bwana wake, kwenye alama za ski, mahali pa kwanza kumezwa na bamba. Akisalimika, ana hofu, hakufunzwa kutenganisha harufu ya aliyezikwa na harufu za wanaotafuta juu ya theluji, na hukimbia huku na huko penye kazi inayohitaji utulivu. Mbwa wa uokoaji husomeshwa kwa miaka, hufungwa ukanda wa kumnyanyua, na hapelekwi kwenye mteremko kabla anayeongoza kazi hajaona kwamba hautashuka tena. Anayemtaja Barry ili kuhalalisha safari yake ameiacha nidhamu hii yote na kubaki na jina tu.

Wenye moyo mzuri huuliza: basi kwa nini asivalishwe redio ya kutafutia waliozikwa? Redio hizi hutumia masafa ya kilohezi 457 duniani kote, na hapo ndipo tatizo. Anayetafuta husikia ishara. Hajui inatoka kwa mtu au kwa mbwa. Watu wawili na mbwa wakizikwa, na ishara ya mbwa ikiwa karibu zaidi, dakika ambazo zingemtoa mtoto wa mwenzako zitatumika kumchimba mbwa. Ndiyo maana waalimu wa milima hukataza jambo hili bila kuyumba. Vipo vifaa vidogo vinavyotumia masafa ya jirani, kilohezi 456, ambavyo havipokelewi na redio za kawaida, na hivyo mbwa anaweza kutafutwa baada ya watu kupatikana. Ni suluhisho la haki, nami nalikubali. Lakini tazama linachokiri: kwamba siku ya msiba mbwa atakuwa wa mwisho, na kwamba wa mwisho kwa kawaida hutolewa akiwa amekufa. Anayekinunua kifaa hicho kwa macho yaliyo wazi ameshakubali hesabu hiyo kabla ya kutoka nyumbani. Je, mteremko mmoja una thamani hiyo?

Wengine husema mbwa ni kiumbe wa baridi, ana koti lake, amezaliwa kwa theluji kuliko sisi. Kwa sehemu ni kweli. Watafiti wa Japani wameonyesha kwamba mishipa ya damu katika nyayo za mbwa imepangwa karibu karibu, damu inayokwenda ikiipasha joto ile inayorudi, na hivyo nyayo hustahimili barafu ambayo vidole vyetu visingeistahimili dakika kumi. Hata hivyo baridi si adui wake mkuu katika siku ya ski. Kwenye theluji laini huzama hadi kifuani na kila hatua ni mruko. Mtu aliye juu ya ski haoni gharama hiyo kwa sababu yeye anaelea. Theluji hugandamana katikati ya vidole, na kileleni, theluji iliyoyeyuka wakati wa kupanda ikiwa imeganda kwenye manyoya, mbwa husimama akitetemeka huku watu wakivaa makoti na kunywa chai. Kisha huja kushuka. Mteremko wa mita 800 ambao mtu huumaliza kwa dakika chache mbwa hulazimika kuukimbia kwa nguvu zake zote, akiwa ameshachoka, karibu kabisa na ski zenye kingo za chuma zilizonolewa. Mwenyewe akikata kona ghafla, kingo hupita mguuni. Madaktari wa mifugo wa miji ya milimani wanajua vizuri jeraha hili: kano iliyokatika, upasuaji, miezi ya kufungwa bandeji, na wakati mwingine mguu usiorudi kama zamani. Mbwa huyo huwa amefanya alichofundishwa, yaani kubaki karibu.

Ama historia ya mbwa wa kukokota sleji, ambayo hutajwa kama ushahidi kwamba theluji ni kwao, isomwe hadi mwisho. Mvumbuzi Mnorway Roald Amundsen aliondoka kuelekea Ncha ya Kusini mwezi Oktoba 1911 akiwa na watu wanne na mbwa 52. Alifika tarehe 14 Desemba, na aliporudi kambini Januari 1912 mbwa walikuwa 11. Waliokosekana, wengi wao, waliuawa kwa mpango uliopangwa tangu mwanzo, wakawa chakula cha mbwa wenzao na cha watu. Simtaji ili kumhukumu. Kundi lake lilirudi hai lote, na kundi la mpinzani wake Mwingereza, Scott, ambalo sleji zake zilivutwa na watu badala ya mbwa katika sehemu ya mwisho ya safari, liliangamia. Namtaja kwa sababu historia hiyo inaonyesha uwezo wa mbwa kwenye theluji, na papo hapo inaonyesha jinsi uwezo huo ulivyokuwa mali ya mpango wa binadamu. Kuweza kwake hakujawahi kuwa sawa na kukubali kwake.

Mlima pia una wenyewe. Kwale weusi wa Alps, ndege wa ukubwa wa kuku, huishi majira ya baridi kwa kubana matumizi: hujichimbia kishimo ndani ya theluji, hukaa humo sehemu kubwa ya siku, hutoka alfajiri na jioni kula vichipukizi visivyo na lishe kubwa. Raphaël Arlettaz na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti uliofanywa Uswisi: ndege waliofurushwa walionyesha ongezeko la homoni za msongo katika kinyesi chao, na waliokuwa kwenye maeneo yenye wana-ski wengi walikuwa na msongo mkubwa kuliko wa maeneo tulivu. Ndege aliyefurushwa hulazimika kula zaidi ili kufidia nguvu alizopoteza, na kula kunamweka machoni mwa tai. Utafiti huo uliwahusu watu. Mbwa huongeza uzito: mwaka huohuo wa 2007, Peter Banks na Jessica Bryant walichapisha majaribio yao katika misitu ya pembezoni mwa Sydney, ambako kupita kwa mbwa aliyefungwa kamba, naam, aliyefungwa, kulipunguza aina za ndege walioonekana kwa asilimia 35 na idadi yao kwa asilimia 41, zaidi ya maradufu ya athari ya mtu apitaye peke yake. Australia si Alps, na sitadai kwamba namba hizo zinahamishika. Kanuni iliyo nyuma yake inahamishika: kwa mnyama wa porini mbwa ni mwindaji, hata awe amelishwa na kupigwa brashi. Msomaji anayekumbuka mwaka 1994, ambapo virusi vya ugonjwa wa mbwa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, hahitaji kushawishiwa kwamba mbwa wa nyumbani hapiti porini bila kuacha athari.

Sheria zimeliona hili. Katika hifadhi za shirikisho za Uswisi zilizopigwa marufuku uwindaji, mbwa lazima awe kwenye kamba, na ski nje ya njia zilizowekwa alama haziruhusiwi. Norway huwataka wenye mbwa wawafunge kati ya 1 Aprili na 20 Agosti, kipindi ambacho ndege hutaga na kulungu wa kaskazini huzaa, na mara nyingi Pasaka, sikukuu yao kuu ya ski, huangukia humo. Hapa mwenye mbwa wa mteremko mkali amebanwa pande mbili. Akimfungua, anavunja sheria na kuwasumbua wanyama. Akimfunga kwenye kamba wakati wa kushuka kwa kasi, atajiangusha mwenyewe na kumnyonga mbwa. Hakuna ujuzi unaoondoa mgongano huo. Unaondoka kwa kuchagua ardhi nyingine tu.

Na ardhi hiyo ipo, jambo linalojibu pingamizi la mwisho, lile la furaha. Wapo wanaosema kwamba kumnyima mbwa mlima ni kumnyima maisha, na kwamba afadhali miaka minane ya kukimbia kuliko kumi na minne ya zulia. Nauheshimu moyo wa maneno hayo, ila umechanganya mlima na mwinamo. Mbwa hajali kilele wala hajui nyuzi. Anachokipenda ni kwenda, kunusa, kuwa pamoja. Wanorway wamelielewa hili kwa vizazi. Huko mbwa huvalishwa ukanda wa kifuani na kuunganishwa kwa kamba yenye kunyumbuka na kiuno cha mtu aliye juu ya ski, kisha wote wawili husafiri kwenye nyanda za juu kama Hardangervidda, siku nzima, mbwa akiwa mbele na mwenye kazi. Nyumba nyingi za chama cha watalii cha huko zina chumba cha mbwa. Safari hupangwa kuanzia mahitaji yake: urefu wa siku, uimara wa theluji, mapumziko, maji. Kingo za ski ziko nyuma yake, mwinamo ni mdogo, kamba inatimiza sheria na papo hapo inafanya kazi. Alps nazo zina mabonde mapana, njia za msituni na malisho ya kiangazi yaliyofunikwa theluji, yenye mwinamo chini ya nyuzi 30 na yasiyo na mteremko mkali juu yake. Sharti hili la mwisho lisisahauliwe, kwa kuwa poromoko linaloanzia juu humfuata aliye kwenye tambarare.

Kwa hiyo ukialikwa mlimani Februari ijayo, na mwenyeji wako akasema mbwa anakuja, muulize mambo matatu bila haya: mteremko mkali kuliko yote njiani una nyuzi ngapi, nini kiko juu yake, na njia inapita hifadhi gani. Mtu aliyejiandaa atajibu papo hapo na ramani mkononi. Jibu la kwanza likivuka 30, mwombe amwache mbwa bondeni pamoja na mtu wa kumtembeza. Na akikataa, baki nyuma na wewe, umtembeze.